Nusu ya Ndege Iko Wapi?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya ndoa, deni, urithi na mambo mengine yanayoleta ugomvi kati ya waaminifu. Leo tunataka kuzungumza juu ya watu wawili walionunua ndege ndogo kwa ushirika. Tunajua wengi watasema: jambo hilo halinihusu. Katika parokia yetu wenye baiskeli ni wengi, wenye pikipiki ni wachache, na wenye ndege unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, tena vidole vinabaki. Lakini soma mpaka mwisho, ndugu. Huenda wewe pia una ndege yako, ila inaitwa kwa jina lingine.

I. JAMBO LENYEWE

Kila mtu wa Maniema anajua kwa sababu gani ndege ndogo ni kitu kikubwa kwetu. Wakati kampuni za bati zilipokuwa zikifanya kazi Kalima, Punia na Kasese, barabara zilitunzwa. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani kote, kampuni zikadhoofika. Kisha vita ya mwaka 1996 na ile ya mwaka 1998 zikamaliza kilichobaki. Msitu ulirudi juu ya barabara. Tangu hapo, mgonjwa, chumvi, dawa, feza za walimu na madini, vyote vimetafuta njia ya hewani.

Miaka michache iliyopita, ndugu wawili wa parokia yetu, mmoja mfanyabiashara na mwingine piloti, waliunganisha feza zao wakanunua ndege ya Cessna 206 iliyokwisha kutumika. Ni ndege ya motere moja na viti sita, pamoja na kiti cha piloti. Kila mmoja alitoa nusu ya bei. Walipatana hivi: wiki moja ya huyu, wiki moja ya yule. Mfanyabiashara hakujua kurusha ndege, basi katika wiki yake alimlipa kijana mwenye leseni. Gharama zinazokuja hata kama ndege imelala, yaani kodi ya uwanja, bima na uchunguzi wa kila mwaka, waligawana sawasawa. Mafuta kila mmoja alijinunulia kwa safari zake, na mafuta hayo si yale ya pikipiki. Yanatoka mbali, kwa mapipa, kwa bei inayoumiza. Tena kwa kila saa moja ya kuruka, kila mmoja aliweka feza pembeni kwa ajili ya motere. Kwa maana motere ya ndege ya namna hii haingoji siku isiyojulikana, kama sisi wanadamu. Aliyeitengeneza amekwisha kuihesabia masaa yake, karibu 1700, kisha sharti ifunguliwe na kufanywa upya.

Tunasema kweli, mapatano yale yalikuwa mazuri. Sisi mashemasi tulikwenda uwanjani, tukavua viatu, tukaiombea ile ndege. Na tangu mwaka wa kwanza mfanyabiashara yule alileta shukrani yake kanisani. Sehemu ya mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu siku ya Mungu ilitoka katika faida ya ndege ile. Tunaandika jambo hilo hapa kwa sababu tutalirudia.

Siku moja, katika wiki ya mfanyabiashara, mvua ilikuwa imenyesha sana. Ndege iliposhuka Punia, gurudumu la mbele liliingia katika tope, na elisi, yaani lile panga linalozunguka mbele, ikapiga udongo. Ncha ya panga ilipindika kidogo. Hakuna aliyeumia. Lakini kitabu cha watengenezaji kinasema wazi: panga likigonga kitu wakati motere inazunguka, motere sharti ifunguliwe na kuchunguzwa ndani, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Kuifungua maana yake ni kuipeleka mbali, majuma mengi bila kazi, na feza nyingi. Kijana alimwambia mwenye wiki. Mwenye wiki alifikiri usiku mzima. Asubuhi walinyoosha ile ncha, wakaisawazisha kwa tupa, wakaipaka rangi. Katika kitabu cha ndege hawakuandika kitu. Jumatatu alimkabidhi mwenzake funguo, akamwambia: «Safari njema, ndugu.»

Siku ya Jumatano piloti aliondoka Punia akirudi Kindu. Kati ya abiria wake alikuwamo mama mmoja mwenye mimba, aliyekuwa akipelekwa hospitali. Juu ya msitu, fasi ambayo hakuna kiwanja wala shamba, motere ilianza kutetemeka. Piloti alipunguza nguvu, akageuza ndege, akarudi Punia polepole, abiria wote wakiomba kwa sauti. Walishuka salama. Fundi alipofungua motere, alikuta mhimili mkubwa unaozungusha panga una ufa. Kisha akaona alama za tupa chini ya rangi mpya.

II. SHAURI LETU LA KWANZA, AMBALO HALIKUWA SHAURI

Wote wawili walikuja mbele ya mashemasi. Piloti alisema: «Huyu alitaka kuniua.» Mfanyabiashara alijibu: «Hakuna aliyekufa. Tena ndege ni yangu nusu. Lililotokea katika wiki yangu, katika nusu yangu, lilikuwa siri yangu. Hata ningelipa mimi peke yangu, na yeye angenidai hasara ya majuma yote ya kukaa bila kazi. Niliogopa.»

Tunakiri mbele yenu kwamba tulifanya hesabu. Tulichukua karatasi, tukaandika bei ya motere, siku zilizopotea, feza zilizowekwa pembeni. Tulitafuta huyu alipe ngapi na yule ngapi. Tulifanya kazi hiyo masaa mawili, tukadhani tunatoa haki.

Ndipo yule mama, aliyekuwa ameketi mlangoni na mtoto wake mchanga mgongoni, akaomba neno. Alisema: «Papa shemasi, nimesikia nusu ya huyu na nusu ya yule. Mimi na mtoto huyu, siku ile alikuwa tumboni, nusu yetu ni ipi?»

Hakuna aliyejibu. Tulikunja karatasi.

III. FAIDA INAGAWANYIKA, HATARI HAIGAWANYIKI

Tangu siku ile tumekuwa tukitafakari swali la yule mama, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Nusu ya ndege iko katika karatasi tu. Iko kwa mthibitishaji, iko katika hesabu ya faida. Ukienda uwanjani na kumwambia fundi, «Nionyeshe nusu yangu», atacheka. Je, ni bawa la kulia? Je, ni motere bila magurudumu? Ndege ikiwa angani ni kitu kimoja, na wote walio ndani yake wana hatari moja, nzima, kila mtu. Faida ya franka elfu unaweza kuikata vipande viwili. Ufa katika mhimili wa motere huwezi kuukata. Hauwi ufa mdogo kwa sababu wenye mali ni wawili. Hata wakiwa kumi, kila mmoja wao, na kila abiria wao, anaupanda ufa wote.

Juu ya hiyo tunasema: mwenye kushirikiana na mwenzake katika kitu kinachoweza kuua ana sehemu ya mali, lakini ana ukweli wote. Mali anaweza kudai nusu. Ukweli hana ruhusa kuuficha hata nusu.

Wengine watauliza: je, mtu aeleze kila kitu? Kila mkwaruzo, kila kiti kilichopasuka? Hivyo ushirika utakuwa mahakama ya kila siku. Swali hilo ni zuri. Sisi tunajibu kwamba kuna makosa yanayopunguza faida, na kuna makosa yanayobeba kifo. Kiti kilichopasuka unaweza kukisema mwisho wa mwezi mkifanya hesabu. Lakini lile ambalo mwenzako, kama angelijua, asingepanda, sharti lisemwe kabla hajapanda. Kipimo ndicho hicho: je, kama angejua, angepanda? Yule ndugu alijua jibu. Ndiyo sababu alitafuta rangi.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Siri ya ndege anaijua yule aliyeitumia mwisho. Mwenye kuja nyuma yake hana macho mengine isipokuwa mdomo wa mwenzake na kitabu cha ndege. Piloti wetu asubuhi ile alikuwa ameizunguka ndege yake kama desturi. Alichota mafuta kidogo chini ya matangi aone kama yameingia maji, alitikisa mabawa, alishika panga kwa mkono. Rangi ilimdanganya, kwa sababu nyuma ya rangi alikuwa mtu anayemwita ndugu.

IV. NG'OMBE ANAYEJULIKANA

Neno la Mungu halikutaja ndege, lakini lilitaja ng'ombe, na ng'ombe naye ni mali yenye uhai wa watu ndani yake. Someni Kutoka sura ya 21, kuanzia mstari wa 28. Mungu anatofautisha mambo mawili. Ng'ombe wa mtu mmoja akimpiga na kumwua ng'ombe wa jirani, na hakuna aliyejua tabia yake, basi wenye mali wanagawana: aliye hai anauzwa, feza inakatwa nusu kwa nusu, na yule aliyekufa vilevile. Hiyo ni ajali, na ajali inagawanywa. Lakini ikiwa mwenyewe alikwisha kujua kwamba ng'ombe wake ni mwenye kupiga, naye hakumfunga, hakuna tena nusu kwa nusu. Atalipa yote. Na kama ni mtu aliyeuawa, hatia inakuwa kubwa kupita feza.

Tazameni, neno zima liko katika kujua. Kama elisi ingepiga udongo na ndugu yule angesema siku ileile, piloti angepaswa kumsaidia kubeba hasara, kwa sababu tope la Punia si dhambi ya mtu. Lakini tangu alipojua na kunyamaza, mzigo wote ulihamia mabegani mwake.

Wengine walimtetea kwa kusema mali ni yake. Someni tena Matendo sura ya 5. Petro hakumlaumu Anania kwa sababu alibakiza sehemu ya bei ya shamba. Alimwambia shamba lilikuwa lake, na feza ilikuwa mkononi mwake. Kilichomwangusha ni kuonyesha nusu kana kwamba ni yote. Kuwa na sehemu si dhambi. Dhambi ni kuifanya sehemu ile pazia.

Inchi yetu imekwisha kulipa sana kwa pazia la namna hiyo. Tarehe 8 Januari 1996, pale Kinshasa, ndege ya Antonov 32 ilishindwa kupaa katika uwanja wa Ndolo, ikaingia katika soko lililojaa watu. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao mama waliokuwa wakiuza na kununua. Ndege ile ilikuwa ya kampuni ya Urusi, ilikodiwa na kampuni nyingine, na iliruka kwa karatasi zilizoazimwa kwa kampuni ya tatu. Wenye mkono ndani yake walikuwa wengi, na kwa kuwa walikuwa wengi, kila mmoja aliweza kuonyesha kidole kwa mwingine. Lakini wale mama wa soko hawakuwa na hisa hata moja. Walipewa hatari tu.

V. UPENDO, AMRI, KAZI

Sisi watu wa Papa Simon Kimbangu tumeachiwa maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Tuyapime katika jambo hili.

Upendo. Piloti alituambia: «Nilimpenda, ndiyo maana sikuuliza.» Tulimjibu kwa upole kwamba upendo hauondoi kuuliza. Mama anayempenda mtoto wake anaonja uji kabla ya kumpa, si kwa sababu anauchukia uji. Kila wiki alipopokea funguo, angemwuliza mwenzake macho kwa macho: je, kuna jambo sharti nilijue? Huenda ndugu yule, akiulizwa, asingeweza kusema uongo. Kunyamaza ni rahisi kuliko kudanganya, na sisi tunaporuhusu wenzetu kunyamaza tunawasaidia kuanguka.

Amri. Mkataba wao uliandika feza zote, lakini haukuandika neno moja juu ya kusema ukweli. Sharti ungesema: jambo lolote lililoigusa ndege linaandikwa siku ileile, na anayeandika haraka hapigwi faini. Hapo tuone vizuri. Yule aliyeficha aliogopa hasara. Ukimwadhibu kila anayesema, utabaki na watu wanaojua kupaka rangi. Amri njema inafanya ukweli uwe na bei ndogo kuliko uficho.

Kazi. Kutunza kitu cha ushirika ni kazi isiyoonekana. Hekalu la Nkamba, lililozinduliwa mwaka 1981, lilijengwa kwa mikono na matoleo ya waaminifu, waliobeba mawe wenyewe. Hakuna mwenye nusu pale. Je, mtu angeweza kuleta jiwe lenye ufa, akaligeuza upande mzuri nje, na kusema ni sehemu yangu tu? Ukuta ni mmoja, na wanaoswali chini yake ni wote.

Na sasa turudi kwa mabati yetu. Mwaka mzima tulipokea shukrani ya ndege ile. Hatukuuliza hata mara moja: je, ndege inatunzwa? Kitabu chake kinasema nini? Tulivua viatu kuiombea, kisha tukavivaa na kwenda zetu. Tulikuwa na sehemu katika faida. Basi katika swali la yule mama tulikuwamo na sisi, na mbele yake tuliomba msamaha pamoja na yule mfanyabiashara. Hatuwezi kumtaka ndugu aeleze ufa wake, na sisi tukapaka rangi wa kwetu.

VI. KUACHANA KWA AMANI

Ndugu wale hawakuendelea pamoja. Wengine katika parokia walihuzunika, wakasema msamaha wa kweli ungewarudisha katika ndege moja. Sisi hatuoni hivyo. Abramu na Lutu waliachana ili wasigombane, na Abramu alibaki mwenye haki. Msamaha unarudisha undugu mara moja. Imani ya kukabidhiana funguo inarudi polepole, na mara nyingine hairudi. Kumlazimisha mtu apande tena si upendo.

Mfanyabiashara alikubali kubeba hasara yote ya motere, lakini hakuwa na feza za kuifanya upya. Wakapatana kuuza ndege kama ilivyo, na sehemu ya piloti ihesabiwe kwa bei ya ndege nzima. Hapo lilitokea jambo ambalo hatutalisahau. Mnunuzi alitoka mbali, akaipenda ndege. Piloti, yule aliyetendewa mabaya, alituvuta pembeni akasema: «Tukimwambia habari ya ufa, bei itaanguka, na huyu ndugu hatapata za kunilipa. Mimi nina watoto. Fundi wake si ataona mwenyewe?» Tulishtuka, lakini hatukumhukumu, njaa ya haki nayo inaweza kumfanya mtu atafute kopo la rangi. Kabla hatujajibu, mfanyabiashara alikwisha kumwendea mnunuzi na kitabu cha ndege mkononi. Alikuwa ameandika yote kwa mkono wake: siku, mahali, tope, tupa, rangi, ufa. Alimwambia: «Soma kwanza.»

Bei ilianguka sana. Mfanyabiashara aliuza na nyumba moja ili kutimiza alichomdai mwenzake. Leo anauza mchele sokoni, na piloti anaajiriwa na wengine. Hawafanyi biashara pamoja, lakini wakikutana kanisani wanapeana mkono, na kila mmoja anamtazama mwenzake usoni.

Sasa, ndugu msomaji, ndege yako ni ipi? Labda ni pikipiki mnayoendesha kwa zamu na shemeji yako, nawe unajua breki ya nyuma haishiki tena. Labda ni mtumbwi wenye motere juu ya Lualaba, ambao ubao wake mmoja umeanza kuoza. Labda ni duka la dawa mnalomiliki wawili, na wewe peke yako unajua ni katoni gani ilikaa juani. Jioni utampa mwenzako funguo. Kabla hujasema «safari njema», sema lile lingine. Abiria wake wa kesho hawakujui wala hawana nusu yoyote, na huyo mwenzako hana wa kumwambia isipokuwa wewe.

Mungu Baba na Mwana na Roho Mtakatifu atupe midomo inayosema mapema. Amina.